Shanga za Wamaasai Hadi Oscar

Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi ya filamu wa Marekani, alianza na School Daze mwaka 1988. Mwaka 2019 alitwaa Oscar kwa Black Panther; mwaka 2023 akapata ya pili, na kabla yake hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kufikisha mbili. Watazame wale walinzi wa kike wa mfalme katika Black Panther: wekundu ule na shanga zile vimechotwa kwa Wamaasai. Carter alitutazama Waafrika kwa heshima. Sisi je, tunajitazama hivyo? Wazee wetu wa Kihaya walivaa nguo ya gome la mti, lililopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likalainika. Wewe fundi cherehani kijana, nenda kwa bibi leo, ukamuulize nguo hiyo ilivyovaliwa.