KUSHUKURU NA KUPIMA

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakristu wa Thesalonike, anawaagiza washukuru katika kila hali. Mistari michache mbele anawaagiza wayapime mambo yote. Sisi hupenda kuyatenga maagizo haya: mwenye furaha hushika la kwanza, mwenye mashaka hushika la pili. Hasara ya kuyatenga waliionja jirani zetu wa Rwanda.

Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Mfalme Musinga, aliyekataa ubatizo, wakamtawaza mwanawe Rudahigwa. Tangu hapo machifu na watu wao wakamiminika kwa makatekista, hata wamisionari wakaliita jambo hilo tufani ya Roho Mtakatifu. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na Oktoba 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristu Mfalme. Ilikuwa haki kumshukuru Mungu. Lakini nani angethubutu, katikati ya shangwe hiyo, kuuliza kama chifu aliyepiga magoti alikuwa akimtafuta Kristu, au alichunga kiti chake kisimponyoke? Maana serikali iliwapendelea waliobatizwa, wala haikuwa siri.

Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wabatizwa waliwaua wabatizwa wenzao. Maelfu waliuawa makanisani walikokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Mto Kagera, huu unaopita kwetu, ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Mwezi Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake katika nchi ile.

Wako wasemao kwamba basi uongofu wote ule ulikuwa kelele tupu. Huko nako ni kukataa kupima! Kule Gisenyi Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyejiweka wakfu kwa Mungu, aliwaficha Watutsi. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Naye alilelewa na Kanisa lile lile. Tufani ile, basi, ilileta mvua ya kweli. Kosa lilikuwa kuhesabu matone bila kutazama yanaotesha nini.

Wasomaji wapenzi, leo tena makanisa yetu yanajaa. Vikundi vya sala vinakesha, vijana wanaimba, na viongozi wa siasa wanaketi viti vya mbele. Tushukuru kwa moyo mweupe. Lakini tuulize pia: je, mhubiri wetu bado anaweza kumwambia mtawala hapana? Je, aliyelia machozi kwenye mkesha anamsalimu jirani wa chama kingine, au wa kabila lingine? Idadi ya waliohudhuria haijibu maswali hayo.

Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo wanasiasa, Rais akiwamo, walizitoa katika kanisa la Soweto, zikiwamo za kujengea nyumba ya padre. Hakuwa amekosa adabu ya shukrani. Aliitazama zawadi, akamtazama mtoaji, akaona bei yake. Nyumba ya padre inaweza kujengwa polepole kwa sadaka za waumini, hata kama padre atalala miaka miwili zaidi chini ya bati linalovuja.