Paa Lenye Ukingo

Wanangu, nawasikia pale stendi ya Longonot mkisema Mungu atafungua mlango, huku simu iko wazi kwenye ukurasa wa kubeti. Siwakemei kwa kumtaja Mungu. Ukame wa huku chini ya mlima umetufundisha sote kutazama juu. Lakini tegemeo lina adabu yake, na Wayahudi wamelitafakari jambo hili tangu zamani.

Talmudi, kitabu chao cha mafundisho ya marabi, inasimulia mabishano ya marabi wawili wa karne ya 2. Shimon bar Yochai aliuliza: mtu akilima, akapanda, akavuna na kupepeta, kila kazi kwa msimu wake, neno la Mungu atalisoma lini? Aliona kuwa watu wakitenda apendavyo Mungu, kazi zao zitafanywa na wengine. Rabi Ishmael aliona tofauti. Torati imesema utakusanya nafaka yako, basi shika jembe kama watu wote, na masomo yako yaende pamoja na kazi. Vizazi baadaye, rabi Abaye alisema kwamba wengi walimfuata Ishmael wakafaulu, na wengi walimfuata bar Yochai wasifaulu. Napenda kwamba hakumwita bar Yochai mpotovu. Imani ya yule mzee ilikuwa kubwa kweli, ila si mzigo wa kila bega.

Kuna sheria nyingine inayonigusa zaidi, iliyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Nyumba za Wayahudi wa kale zilikuwa na paa tambarare, watu wakipanda juu. Ukijenga, unaamriwa kulizungushia paa ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu yako. Watu hao hao wanaamini kuwa uhai na mauti vimo mkononi mwa Mungu, na bado hawana ruhusa ya kuacha paa wazi. Siku ya mtu aijua Mungu, ukingo ni wa mwenye nyumba.

Mnaikumbuka 29 Aprili 2024. Kabla hakujapambazuka, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua njia, yakashuka Kamuchiri, hapo Mai Mahiu, yakaua watu zaidi ya 40. Nisisikie kijana yeyote akisema waliokufa walipungukiwa imani. Wala nisisikie maneno ya mapenzi ya Mungu kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzibua mitaro, na hakuizibua.

Mfano wa imani na kazi kwenda pamoja uko karibu nasi: huko Mbale, Uganda, wako Abayudaya, Wayahudi weusi walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Imani iliwavusha. Lakini umaskini haukuondoka kwa sala peke yake: mwaka 2004, J. J. Keki alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu na Wakristo, wakaunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wauze pamoja kwa bei nzuri zaidi.

Basi, je, jasho ndilo linalolisha? Hapana, na hapa sikilizeni vizuri. Bahya ibn Paquda, aliyeishi Hispania karne ya 11, alifundisha kwamba kazi ni wajibu tulioamriwa, ila riziki inatoka kwa Mungu. Kijana anayeliamini hilo hana haja ya kutoa hongo ili aajiriwe shamba la maua, wala kumchongea mwenzake apate zamu yake. Anaweza pia kupumzika siku yake ya ibada bila hofu. Waisraeli walipokuwa jangwani, mana, chakula walichopewa na Mungu, iliokotwa kila asubuhi, na siku ya sita mara mbili ili ya saba watu watulie. Aliyelimbikiza siku nyingine kwa woga alikuta imeingia mabuu.

Hela mnazobeti, wekeni kwenye chama, mnunue tangi la maji. Na kabla ya masika, tabia ya kusubiri serikali tuiache: Jumamosi njooni na majembe na sururu, tuzibue mtaro ulio nyuma ya soko. Mimi nitakuja na chai.