Ufunguo wa Moyo

Msomaji, weka mkono wako kifuani, ukae kimya kidogo. Hicho kigongacho ndani hakikungoja amri yako. Kilianza kazi kabla hujazaliwa, hufanya kazi usiku kucha ulalapo, wala labda hujapata kukishukuru hata siku moja. Sasa fikiri kwamba kazi hiyo inafanywa na mashine, na ufunguo wa kuizimia umo mkononi mwako. Je, ungekuwa na haki ya kuugeuza?

Usidhani kuwa hili ni swali la hadithi tu. Tarehe 2 Desemba, 1982, katika mji wa Salt Lake City, Marekani, daktari wa meno aitwaye Barney Clark, mwenye umri wa miaka 61, alitiwa moyo uliotengenezwa na wanadamu, kwa kuwa moyo wake wa asili ulikuwa umekwisha nguvu. Moyo ule mpya uliendeshwa kwa hewa iliyopita katika mipira kutoka mashine kubwa iliyowekwa kando ya kitanda. Alipewa ufunguo wa kuizimia mashine hiyo, ikiwa maisha yangemshinda. Aliishi siku 112, wala hakuutumia.

Tangu wakati ule ufundi umeendelea sana. Siku hizi aghalabu mgonjwa haondolewi moyo wake, bali hutiwa pampu ndogo ya kuusaidia. Pampu hiyo huvuta damu kutoka chumba cha chini cha kushoto cha moyo, ikaisukuma katika mshipa mkuu. Waya mmoja hutoka tumboni mwake mpaka kwenye betri ambazo huzichukua popote aendapo. Kwa kuwa damu husukumwa mfululizo, mara nyingi tabibu amshikapo mkono hasikii mapigo, na kumbe mtu yu hai, anasema na kucheka. Hata kabla pampu hazijafikia ubora wa leo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa mahututi waliotiwa pampu, 52 katika kila 100 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Miongoni mwa waliotibiwa kwa dawa tu, walikuwa 25.

Walakini kila neema ina mzigo wake. Damu huweza kuganda, kiharusi kikaja; na pale waya utokapo ngozini huweza kufanya usaha. Ikiwa basi mgonjwa amepooza, hana tumaini la kupona, naye akasema, "Zimeni," tumjibu nini?

Wako wasemao kwamba kuzima ni kuua, kwa sababu pampu ikishatiwa mwilini imekuwa kiungo kama viungo vingine. Neno hili lina uzito, tusilidharau. Lakini tazama: amwuaye mtu humletea kifo ambacho hakikuwa njiani, azimaye pampu huuacha ugonjwa uliozuiliwa ushike njia yake. Tena, mgonjwa angaliweza kuikataa pampu tangu mwanzo, wala hakuna ambaye angalimwita mwuaji wa nafsi yake. Haki aliyokuwa nayo mlangoni haimpotei kwa kuwa ameingia nyumbani. Kama ingempotea, tiba ingekuwa mtego, na watu wangeogopa kuijaribu.

Hata hivyo, kuwa na haki hakumlazimishi mtu kufanya haraka. Aliyekata tamaa usiku huweza kuwa na nia nyingine asubuhi. Kwa hiyo yapasa aulizwe zaidi ya mara moja, maumivu yake yatulizwe kwanza, na ijulikane kama amechoka na ugonjwa, au anaona haya kuwalemea jamaa zake. Mtu atakaye kufa kwa sababu hakuna amtembeleaye, dawa yake ni mgeni. Lakini aliyepima yote kwa akili timamu, akashika neno lake, asihukumiwe na sisi tulio wazima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huenda siku moja, msomaji, ukasimama kando ya kitanda kama hicho, ukiwa tabibu, au muuguzi, au mtoto wa mgonjwa. Siku hiyo usimnyang'anye ufunguo wake, wala usimwache nao peke yake.