Somo la Kijumba

Mabadiliko ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia nyumba ya tajiri na ya maskini, na akiisha kuingia hatoki mpaka ameacha alama. Aghalabu watu humpokea kwa mojawapo ya njia mbili. Wako wamwonao kuwa adui, wakaomboleza kila jiwe ling'olewalo; na wako wamwonao kuwa bwana, wakamsujudia na kumwachia njia. Njia hizi mbili, ingawa zaonekana kupingana, zina kosa moja: zote humwondolea mtu wajibu. Aombolezaye hudhani kuwa machozi yametosha. Asujuduye hudhani kuwa hakuna la kutenda. Swali la maadili limesimama kati yao, nalo ni hili: mtu awiwa nini na kitu alichorithi, wakati ulimwengu uliokizunguka kitu hicho umekwisha kugeuka?

Swali hili zito limeulizwa vizuri mahali ambapo wanafalsafa hawapiti mara nyingi, yaani katika kitabu cha picha cha watoto. Kitabu chenyewe ni The Little House, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa Kijumba. Kilitungwa na kuchorwa na Virginia Lee Burton, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Massachusetts na kufariki dunia mwaka 1968. Kilitoka mwaka 1942, na mwaka 1943 kilipata nishani ya Caldecott, ambayo nchini Marekani hutolewa kila mwaka kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto. Mwaka 1952 Walt Disney alikifanyia filamu fupi ya katuni. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu kilipotoka, na waliosomewa kitabu hicho utotoni wamewasomea watoto wao na wajukuu wao.

Asili ya hadithi ni jambo lililotokea. Burton na mumewe, mchongaji sanamu George Demetrios, waliishi Folly Cove, katika mji wa Gloucester, pwani ya Massachusetts. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara, nao wakaihamisha nyumba nzima na kuisogeza ndani, mbali na njia. Mbegu ya kitabu ilipatikana katika kazi hiyo ya mikono. Ni vema kulikumbuka jambo hili, kwa sababu kitabu hiki hakikutungwa na mtu aliyeketi akisikitikia nyakati zilizopita. Kilitungwa na mtu aliyekwisha kuliinua paa lake na kulipeleka kwingine.

Hadithi yenyewe ni fupi. Hapo kale mtu mmoja alijenga kijumba imara juu ya kilima, shambani, mbali na mji. Madirisha yake mawili yalikuwa kama macho, na ngazi ya mlangoni kama kinywa chenye tabasamu. Mjenzi aliahidi kwamba kijumba hicho hakitauzwa kwa dhahabu wala fedha, bali kitaishi mpaka kiwaone wajukuu wa wajukuu wake. Kijumba kikakaa kikitazama jua likichomoza na kutua, mwezi ukiandama na kupungua, na majira manne yakifuatana. Usiku kiliona mwanga wa mji kwa mbali, nacho kikatamani kujua maisha ya huko yalivyo. Kisha walikuja watu wa kupima ardhi. Nyuma yao ilikuja mashine ya mvuke ya kuchimba, ikakata barabara katika kilima kilichojaa maua. Barabara ilileta magari. Magari yakaleta nyumba. Nyumba zikaleta majengo ya kupanga, shule na maduka. Ikafuata reli ya magari ya umeme, kisha reli ya juu mbele yake, kisha reli ya chini ya ardhi. Mwisho kijumba kilibanwa kati ya majumba mawili, moja la ghorofa 25 na jingine la ghorofa 35, kisilione jua ila saa sita ya mchana, wala nyota asilani. Rangi yake ilibabuka, madirisha yake yakavunjika, na hapana aliyekaa ndani. Siku moja ya majira ya kuchipua, kilembwe wa mjenzi alipita hapo, akasimama, akakitambua. Akawaita mafundi, kijumba kikainuliwa kwa jeki, kikawekwa juu ya magurudumu, kikapelekwa shambani juu ya kilima kingine. Huko kilipakwa rangi upya, na watu wakakaa ndani yake tena.

Somo linalotolewa kwa wepesi katika hadithi hii ni kwamba mji ni mbaya na shamba ni jema. Somo hilo lina chembe ya kweli, lakini halitoshi. Majengo ya kupanga yaliyokizunguka kijumba yalikuwa maskani ya watu; katika shule zile walisoma watoto; kwa reli zile wazee wao walikwenda kutafuta riziki. Moshi ulioijaza hewa ulitoka pia katika majiko yaliyopikiwa chakula. Tena kitabu hakisemi kilima kile kilikuwa na nini kabla ya mjenzi kufika. Mbao za kijumba zilikuwa miti, na shamba lililo zuri machoni pa msomaji lilikuwa badiliko kubwa machoni pa kile kilichokuwapo kwanza. Mtu huelekea kuihesabu dunia tangu siku aliyoanza kuiona, akaita asili yale aliyoyakuta na uharibifu yale yaliyomkuta. Hesabu hiyo ni ya kibinadamu, lakini si ya haki.

Tena ni kosa kusema kwamba kijumba kilifurahi zamani kwa sababu hapakuwa na mabadiliko. Kurasa za mwanzo zimejaa mabadiliko. Burton amelichora jua mara nyingi katika picha moja, hatua kwa hatua kutoka mawio hata machweo, na mwezi katika sura zake zote za mwezi mzima. Mitufaha hutoa maua, huzaa, hupukutika. Mingine huzeeka, na michanga hupandwa mahali pake. Hata watoto waliocheza kijitoni hukua wakaenda zao mjini. Kumbe kijumba hakikuwahi kukaa siku moja katika dunia iliyotulia. Basi mabadiliko ya kwanza yana tofauti gani na ya pili?

Yamkini mtu atajibu kwamba ya kwanza huzunguka na ya pili huenda moja kwa moja. Masika hurudi, lakini kilima kilichokatwa hakirudi. Jawabu hilo ni jema, lakini liko jingine lililo karibu zaidi na moyo wa maadili. Katika mabadiliko ya kwanza kijumba kilihesabiwa. Mti ulipozeeka, palikuwa na mkono wa kupanda mwingine. Katika mabadiliko ya pili kijumba hakikupingwa na mtu, wala hakikuchukiwa, kilipitwa tu. Watu walikwenda mbio mbele yake bila kukitupia jicho. Ubaya ulioonyeshwa hapa hauna uso wa mwovu, nao ndio ubaya ulio mgumu kushitakiwa, kwa kuwa kila mmoja aliyepita angeweza kuapa kwamba hakutenda neno. Na angesema kweli. Hilo ndilo kosa lake.

Hapo ndipo ahadi ya mjenzi inapopata uzito wake, na hapo ndipo kitabu hiki kinapoipita hekima ya kawaida. Ahadi ile ilitimizwa. Kijumba hakikuuzwa kwa dhahabu wala kwa fedha, hata pale majumba makubwa yalipokibana pande mbili. Lakini kwa kuwa hakikuweza kuuzwa, na hapakuwa na aliyetaka kukaa ndani yake, kilibaki kimesimama kikitazama tu, huku kikichakaa. Ahadi ilikilinda na mnunuzi, haikukilinda na upweke. Warithi walishika neno la babu yao wakaiacha nia yake. Kwani mjenzi hakutaka kijumba kisiuzwe kwa ajili ya kutouzwa, alitaka wajukuu wa wajukuu wake wakae ndani yake. Kukataza kitu kisibadilike si kukitunza. Katazo laweza kushikwa na mtu aliyelala. Utunzaji wataka mtu aliye macho.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana mfano wa karibu wa fumbo hili katika sheria ya wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi; manufaa yake huendelea kwa wale waliotajwa au kwa kazi ya heri. Hekima ya sharti hilo ni kubwa, kwa maana humzuia mrithi mwenye tamaa asiile heri ya wengine. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba za wakfu zilikuwa nyingi. Lakini katazo la kuuza halipaki chokaa, wala halizuii mvua kupenya darini. Mafakihi waliliona jambo hili karne nyingi zilizopita. Wa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi zaidi katika pwani hii, wamelishika katazo kwa nguvu. Wa madhehebu ya Hambali wameruhusu wakfu uliokosa manufaa uuzwe, na thamani yake iende katika mwingine utakaoendeleza kusudi lile lile. Hapana upande usio na hoja. Wa kwanza wanachelea kwamba mlango ukifunguliwa kwa haja, tamaa itaingia nyuma yake. Wa pili wanachelea kwamba umbo la ahadi litabaki na roho yake itakufa. Mwenye kurithi kitu chochote, iwe nyumba, lugha au desturi, hana budi kuzibeba hofu zote mbili pamoja, kwani akiitua moja ameharibu.

Kilembwe wa mjenzi anaonyesha jinsi mzigo huo unavyobebwa. Kwanza, alisimama. Katika umati wote uliokwenda mbio, yeye peke yake alisimama akatazama. Pili, alikumbuka jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Alikitambua kijumba kwa sababu bibi yake alikaa katika nyumba kama hiyo utotoni, naye alizisikia habari zake. Kumbe hadithi ya bibi ilifanya kazi ambayo ahadi ya babu haikuiweza: ahadi ilizuia mkono wa muuzaji, hadithi ilifumbua jicho la mwokozi. Tatu, hakuridhika na kumbukumbu. Alitafuta hakika, kisha akawauliza mafundi kama kijumba chaweza kusafiri. Mafundi walikikagua, wakakikuta kingali imara. Mapenzi bila ujuzi yangalikivunja njiani, na ujuzi bila mapenzi usingalikigusa kabisa. Nne, alikubali kupoteza kitu ili kuokoa kingine. Kilima cha kwanza hakikurudi. Kijumba kilibaki kile kile kwa kukubali kuhama.

Yuko atakayepinga kwamba huko ni kukimbia. Mji uliokifikia kijumba juu ya kilima cha kwanza washindwa nini kukifikia juu ya kilima cha pili? Tena kiliokolewa kijumba kimoja tu. Majengo ya kupanga yaliyobomolewa kupisha majumba marefu hayakupata kilembwe wa kuyahamisha, wala kitabu hakisemi wapangaji wake walikwenda wapi. Pingamizi hizi ni za kweli, wala haifai kuzifunika kwa utamu wa picha. Kitabu hakina dawa ya miji, wala uokozi wa nyumba moja si haki kwa watu wote. Lakini pingamizi hizo haziuvunji wajibu wa yule aliyesimama, zauongeza. Zaonyesha kwamba kila kilichopitwa kilistahili mtu wa kukitazama na kuuliza, na kwamba uhaba wa watu wa namna hiyo ndio hasara yenyewe.

Mtoto asomewaye kitabu hiki hajui falsafa, lakini huona kijumba kikiwa na taa dirishani, kisha huona madirisha yamevunjika, kisha huona taa tena. Hujifunza kwamba kitu chaweza kusimama bila kuuzwa na hata hivyo kikawa kimeachwa. Akiisha kukua atakutana na wanaosema kwamba mambo ya kale yasiguswe, na wanaosema kwamba mambo ya kale yaondolewe. Na awasikilize wote, kisha awaulize swali moja: kitu hicho mnachokizungumza, nani anakaa ndani yake, na nani atakipaka rangi mwaka ujao? Asiye na jawabu la swali hilo, akitetea au akibomoa, bado hajakitazama.