Jeraha Lisilo na Damu

Mtu akivunjika mguu, watu wote humwonea huruma, nao humbeba mpaka hospitalini. Lakini mtu akivunjika moyo, twamwambia: "Jikaze." Je, neno hilo latosha?

Tutazame Salamabila, katika eneo la Kabambare, jimbo la Maniema. Chini ya ardhi yake mna dhahabu. Juu yake watu wameonja machungu mengi. Wenye silaha wamepigana huko na wanajeshi, watu wakakimbilia porini, wanawake wakatendwa jeuri. Mwaka 2019 mgodi mkubwa wa Namoya ulisimamisha kazi kwa sababu ya hatari hiyo. Madaktari Wasio na Mipaka waliofanya kazi huko hawakutibu miili tu. Waliwasikiliza pia walioumizwa rohoni.

Lakini yako mambo ambayo mdomo hukataa kuyatamka. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua, ukimwuliza habari, hunyamaza. Umpe karatasi na kalamu za rangi, huenda akachora moto. Sasa jambo lililomtisha ndani liko mbele yake. Aweza kulitazama, kulifunika, hata kulichorea mvua. Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya sanaa.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1942 na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza. Aliugua kifua kikuu, na alipokuwa amelazwa aliona ya kwamba kuchora kunamtuliza. Kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Lakini jambo lenyewe ni la kale. Mfalme Sauli alipofadhaika, Daudi alimpigia kinubi, naye akapata nafuu. Na kwetu, nani asiyejua nyimbo za matanga? Huko Bukavu, katika hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, wanawake waliotendwa jeuri wametunga nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi, ikawa sehemu ya matibabu yao. Tena mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitia uchunguzi zaidi ya 3,000, likaona ya kuwa sanaa yaweza kusaidia afya ya mwili na ya akili.

Labda mwingine atasema: "Mwenye njaa hapewi karatasi." Kweli, chakula, dawa na hukumu ya haki havina badala. Wala mchoro usiwe kisingizio cha kumwacha mkosaji aende zake. Walakini hata aliyeshiba huweza kuamka usiku akipiga kelele, maana mtu si tumbo tu.

Basi, tufanyeje? Kwanza, tusimlazimishe mtu kuchora, wala kueleza alichochora. Pili, tusijifanye wapiga ramli, tukisema: "Rangi nyeusi maana yake ni hii." Tumwulize mwenyewe, na asipotaka kujibu, tumwache. Tatu, tusichukue kazi yake tukawaonyesha wageni ili watuhurumie au watupe fedha. Ni siri yake, ametukabidhi tu. Aliyenyang'anywa mara moja asinyang'anywe tena, na safari hii na rafiki zake. Nne, akizidi kukosa usingizi, au akinena habari za kujiua, tusikawie: tumpeleke kwa waganga wa hospitali.

Hatuna budi kukumbuka ya kuwa si lazima kungoja wataalamu ndipo tuanze kupendana. Tiba yenyewe yataka watu waliojifunza, lakini kila parokia ina wanakwaya, wafinyanzi, na akina mama wanaosuka mikeka na vikapu. Mikono ikifanya kazi pamoja na mikono mingine, mara nyingi ulimi hulegea wenyewe.

Kwa hiyo, jirani yako akinyamaza siku nyingi, usimwambie: "Jikaze." Amekwisha kujikaza kupita nguvu zake. Chukua kazi yako ya mikono, uende ukaketi naye.