Moto Wenye Hesabu

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, kwa kanuni za mwaka 2014, moto wa joka mwekundu aliyekomaa unajulikana kabla haujatoka kinywani. Utasambaa kwa umbo la koni hadi futi 60. Zitarushwa dadu 18 zenye pande sita, na kwa wastani kila aliyesimama mbele yake atapoteza alama 63 za uhai. Mwepesi wa kukwepa hupoteza nusu. Wengi hawaepuki mzimamzima; nusu ile lazima wailipe.

Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye mwili imara kiasi huwa na alama 32. Akikwepa moto wa wastani, nusu ya 63 kwa kanuni huteremshwa hadi 31, naye hubaki amesimama na alama moja. Asipokwepa, yuko chini. Wachezaji waliokaa mezani wanaijua hesabu hiyo, na wapo wanaoisikitikia. Kiumbe aliyewanyima watu usingizi kwa vizazi na vizazi, wanasema, amegeuzwa kuwa mstari katika jedwali. Joka anayehesabika amekwisha kuwa mnyama wa kawaida, na aliyejua kiasi cha hatari hana tena sababu ya kutetemeka.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, maana yanagusa swali la zamani kuliko mchezo wenyewe: hofu ikishapimwa, hubaki kuwa hofu? Hubaki. Na kipimo kinaiongezea hofu hiyo kitu ambacho haikuwa nacho.

Lakini itazamwe kwanza pumzi isiyo na kipimo. Katika masimulizi ya watakatifu yaliyokusanywa na Jacobus de Voragine katika karne ya 13, joka aliyeuawa na Mtakatifu George aliishi ziwani karibu na mji wa Silena, Libya. Hakutema moto. Alikuwa akisogea ukutani, na hewa iliyomtoka iliwaua watu ndani ya mji. Fáfnir wa masimulizi ya Iceland naye alinyunyiza sumu njiani alipokwenda kunywa maji. Hata joka mwekundu wa vichwa saba katika Ufunuo, sura ya 12, hamwagi moto: hutapika maji kama mto ili amgharikishe mwanamke. Moto wa vinywani katika kitabu hicho ni wa farasi na wa wale mashahidi wawili. Moto upo kwingine, kama kinywani mwa Lewiathani wa kitabu cha Ayubu, sura ya 41, ila katika hadithi nyingi za kale za Ulaya sumu na hewa chafu vina nafasi kubwa kuliko anavyotarajia msomaji wa leo.

Sababu inaeleweka. Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya waliamini kuwa maradhi huletwa na hewa iliyooza, na joka wa Silena ni hewa hiyo iliyopewa mwili na meno. Mkuki unaweza kuukwepa, upanga unaweza kuukinga kwa ngao. Hewa hapana. Huingia kwa tendo lilelile linalomweka mtu hai, na anayeikataa anakufa kwa kuikataa. Ndiyo maana watu wa Silena hawapigani tena. Wanatoa kondoo wawili kila siku. Kondoo wakipungua, wanatoa watoto wao kwa kura, mpaka kura inamwangukia binti wa mfalme. Hawajui pumzi ile inafika umbali gani, inachoka lini, wala kama inachoka. Hofu isiyo na mpaka haimwachii mtu kazi yoyote zaidi ya kulipa kodi.

Gary Gygax na Dave Arneson, waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, walikuwa watu wa michezo ya vita, ile ya majeshi ya sanamu ndogondogo mezani. Katika michezo hiyo mzinga usio na masafa hauwezi kufyatuliwa, kwa kuwa hakuna ajuaye umempiga nani. Joka alipoingia mezani alipewa kilekile anachopewa mzinga: umbali, upana, kiasi cha madhara. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na majoka sita. Mweupe alitoa baridi, mweusi asidi, wa buluu radi, mwekundu moto, wa dhahabu moto au gesi. Wa kijani alitoa gesi ya klorini, ileile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi huko Ypres mwaka 1915. Hewa ya kuua ya Silena ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na jina la kikemia.

Basi ikabidi kuamua pumzi hiyo inakwisha vipi, na hapa waandishi wa kanuni, pengine bila kukusudia, waliingia katika falsafa. Kwa miaka arobaini hivi walitoa majibu matatu makubwa, na kila jibu ni fikra kamili kuhusu nguvu.

Jibu la mwanzo lilisema mara tatu kwa siku. Nguvu hapo ni akiba. Joka ana ghala, ghala lina vitu vitatu, na adui mwenye subira anaweza kumchokoza mpaka ghala libaki tupu. Huo ni uoni wa mtunza hesabu, na unamfaa mwenye hila kuliko mwenye nguvu. Joka aliyekwisha kupumua mara tatu ni mjusi mkubwa mwenye kucha.

Jibu la pili linastahili kukaliwa zaidi. Katika kanuni za mwaka 1981 zilizohaririwa na Tom Moldvay, madhara ya pumzi ni sawa na uhai alionao joka wakati anapopumua. Joka mwekundu mwenye alama 45 anatoa moto wa 45. Akijeruhiwa akabakiwa na 20, moto wake ni 20. Kanuni ya mstari mmoja, lakini yaliyomo ni mengi. Pumzi hapo imeacha kuwa silaha aliyoibeba joka. Ni yeye mwenyewe, uhai wake uliogeuzwa moto. Kila jeraha dogo lina maana, kwa kuwa hata mshale uliopenya nusu umekwisha kuupunguza moto ambao bado haujawashwa. Mtoto wa ngazi ya 1 mwenye kombeo ana mchango wa kweli katika vita hivyo. Na joka anapokaribia kufa, moto wake unakaribia kuzimika pamoja naye. Kanuni za mwaka 2000 na za 2014 hazikuikaribia pumzi kwa ukaribu huo, na kuiacha kanuni ile ilikuwa hasara.

Mwaka 2000 ikaja kanuni ya kungoja, zamu moja hadi nne kwa amri ya dadu, kisha mwaka 2014 jibu la tatu likakaa sawasawa. Joka akishapumua, mwanzoni mwa kila zamu yake inarushwa dadu moja ya pande sita. Ikianguka 5 au 6, pumzi imerudi. Nguvu sasa ni bahati.

Hapa ndipo wenye kulalamika wanapokosea. Wanadhani namba huondoa mashaka, kumbe namba hii imeyatengeneza mashaka kwa ustadi. Uwezekano wa moto kurudi katika zamu yoyote ni theluthi moja. Uwezekano wa kuwa umerudi ndani ya zamu tatu ni asilimia 70 hivi. Kila mtu mezani anaweza kuyapiga mahesabu hayo kwa vidole, na bado dadu inapogonga meza mazungumzo hukatika. Hufuata jambo la ajabu zaidi: zikipita zamu nne bila moto, wachezaji huanza kuamini kuwa safari hii lazima. Wanajikunyata, wanatawanyika, wanatafuta nguzo za kujificha. Dadu haijui lolote kuhusu zamu nne zilizopita. Kwake ni theluthi moja, kama ilivyokuwa mwanzo. Kumbukumbu iko kwa wanaoogopa tu, na hakuna jedwali linaloweza kuiondoa.

Wanafalsafa wa Ugiriki walilichimba jambo hili bila kuhitaji majoka. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Laches, jemadari Nicias anatoa rai kwamba ujasiri ni ujuzi wa yanayostahili kuogopwa na yanayoweza kuthubutiwa. Socrates anaitikisa rai hiyo mpaka mwisho na mazungumzo yanafungwa bila jibu, lakini mbegu imekwisha kupandwa. Aristotle naye anaweka ujasiri katikati ya woga na ujuba, na anaongeza kuwa mtu asiyeogopa kitu chochote, hata tetemeko la ardhi wala mawimbi, si jasiri. Huyo ni mwendawazimu au hana hisia. Jasiri lazima aone hatari kwa ukubwa wake. Asiyejua hatari ina ukubwa gani hawezi kuwa jasiri wala mwoga, anaweza tu kuwa na bahati nzuri au mbaya.

Pwani ya Kenya inao mfano hai wa kinywa kinachoumiza kwa mbali. Mwaka 2007 wataalamu walimtangaza swila mkubwa wa Watamu kuwa spishi ya peke yake, Naja ashei, nyoka awezaye kutema sumu zaidi ya mita mbili na kulenga macho. Wanaowakamata nyoka hao huvaa miwani ya kinga. Wamejua sumu ile ikigusa ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida haina neno, ikigusa jicho inaweza kulipofusha, na jino lenyewe linaua. Miwani haikuondoa hofu. Imewapa pa kusimama.

Mfalme Beowulf wa utenzi wa kale wa Kiingereza alifanya vivyo hivyo. Utenzi huo umebaki katika nakala moja ya mkono ya mwaka 1000 hivi, nayo iliunguzwa kingo na moto uliozuka London mwaka 1731. Joka ana urefu wa futi 50, analinda hazina, na anaamka kwa hasira baada ya kikombe kimoja kuibwa. Beowulf, mzee aliyetawala miaka 50, hamkimbilii kwa upanga pekee. Anajua ngao ya mbao itaungua, kwa hiyo anaamuru itengenezwe ya chuma tupu. Hiyo ni hesabu ya moto, iliyofanywa karne nyingi kabla ya dadu 18. Chuma kinamkinga kwa muda mfupi kuliko alivyotarajia, lakini kinamfikisha. Kinachomuua ni sumu ya meno ya joka yaliyomshika shingoni.

Na kipimo kina mpaka wake, jambo ambalo utenzi huo unaonyesha bila huruma. Beowulf alikwenda na wenzake kumi na mmoja. Wote waliuona moto uleule, kwa umbali uleule. Kumi walikimbilia msituni. Wiglaf, kijana, alibaki, na ngao yake ya mbao ikaungua mkononi mpaka akajificha nyuma ya ile ya chuma. Ujuzi wa hatari ulikuwa sawa kwa wote. Uliwafungulia mlango, na aliyepita alikuwa mmoja.

Upande wa joka huwa unasahauliwa. Han Yu, mwandishi wa China aliyeishi kati ya mwaka 768 na 824, ana insha fupi mno kuhusu joka na wingu. Joka anapumua, pumzi yake inakuwa wingu. Wingu halina uwezo kuliko joka, maana yeye ndiye aliyelitoa. Hata hivyo joka asipolipata wingu lile hawezi kupaa wala kuonyesha maajabu yake. Anategemea kitu alichokizaa mwenyewe. Wasomaji wengi wameona humo habari ya mfalme na mawaziri wake. Lakini hata ikisomwa kama ilivyo, inasema kuwa mwenye pumzi kuu naye ana masharti.

Katika mchezo, sharti hilo linaonekana wazi kabisa kwa joka wa shaba nyeupe, mkazi wa jangwani anayependa mazungumzo kuliko vita. Kanuni za 2014 zinampa pumzi mbili. Moja ni moto ulionyooka kama mstari. Nyingine ni gesi ya usingizi, ambayo ikitolewa na joka aliyekomaa huwalaza watu hadi dakika 10, na anayetikiswa na mwenzake anaamka. Zote mbili zinaamriwa na dadu ileile moja: ikianguka 5 au 6 amepata pumzi moja, na ni juu yake itakuwa ipi. Kama angekuwa na moto na usingizi bila kikomo, angeweza kuvitumia vyote na lisibaki swali lolote juu yake. Kwa kuwa pumzi ni moja, na haijulikani itarudi lini, wezi wanapoingia pangoni mwake kila zamu inamdai uamuzi. Akiwalaza, huenda wakaamshana na kumrudia kabla hajapata pumzi nyingine. Akiwachoma, shauri limekwisha, lakini amewaua watu ambao pengine wangezungumza. Mwendesha mchezo anayemwigiza joka huyo ameshika dadu mkononi, imeanguka 6, na sasa lazima aseme joka anafanya nini.