Rangi za Udongo Wetu

Tangu mtaala wa umilisi uanze madarasani mwaka 2019, sanaa ya watoto wetu hapa Kasikeu imeingia hadi sebuleni. Mzazi, mwanao akishika kalamu za rangi zenye wino wa spiriti, keti naye. Hapo pana elimu kubwa. Wino huo hukauka upesi: aanze na rangi nyepesi, aendelee kabla ukingo haujakauka, la sivyo michirizi itabaki. Chini atandike karatasi nyingine, maana wino hupenya. Akichora nyumba, pale jua linapomulika bati aache karatasi nyeupe, kwani wino huo haufutiki. Udongo wetu mwekundu aupake rangi ya chungwa kwanza, kisha kahawia kwenye kivuli cha mwembe. Na kifuniko akirudishe papo hapo.